Jezi namba kumi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya Butembo na Beni

Kwa Waheshimiwa Warekta na Wakurugenzi Wakuu wa vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu za Butembo na Beni, kwa kamati zao za michezo, na kwa viongozi wa soka wa miji hiyo miwili.

Waheshimiwa,

Barua hii haiombi nyasi bandia, basi la timu wala jezi mpya. Vitu hivyo vina waombaji wengi, na hali ya mifuko ya vyuo vyenu haihitaji kuelezwa. Inachoomba ni dakika: dakika za kucheza mpira, katikati ya uwanja, kwa vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili waliojaliwa kipaji cha kuchezesha wenzao. Huyo ndiye mashabiki wanayemwita namba kumi, hata akiwa amevaa jezi namba 22 ya kuazima.

Anayetaka kujua kwa nini jambo hili linastahili kufika mezani kwa rekta, aanze kutazama soko la wachezaji la Dar es Salaam. Kwa miaka kadhaa sasa, Simba na Yanga zimeigeuza Kongo kuwa duka lao. Zilipotaka wafungaji, ziliwachukua Héritier Makambo, Chris Mugalu, Fiston Mayele na Jean Baleke. Zilipotaka watu wenye mbio za pembeni, ziliwapata Tuisila Kisinda na Jesus Moloko. Mabeki wakawa Djuma Shabani, Joyce Lomalisa na Henock Inonga. Lakini zilipomtafuta mtu wa kushika funguo za mchezo, yule anayeamua mpira uende wapi na kwa kasi gani, macho yao yalielekea kwingine: Haruna Niyonzima wa Rwanda, Clatous Chama wa Zambia, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacôme Zouzoua wa Côte d'Ivoire. Wapo Wakongo waliocheza katikati na kusifiwa, Mukoko Tonombe na Fabrice Ngoma kwa mfano, ila hao walipendwa kwa kukaba na kukimbia zaidi kuliko kwa pasi ya mwisho. Maxi Nzengeli anakaribia, naye hutumwa pembeni mara kwa mara.

Hali ni hiyo hiyo kwenye timu ya taifa. Chui waliomaliza nafasi ya nne katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2024, kule Côte d'Ivoire, walikuwa na eneo la kati lililolelewa Ulaya kwa sehemu kubwa. Samuel Moutoussamy alizaliwa Paris, Gaël Kakuta Lille, Charles Pickel Uswisi. Noah Sadiki, ambaye umaarufu wake umekua tangu hapo, ni mtoto wa Brussels. Edo Kayembe, aliyekulia nyumbani, ni wa kuhesabiwa kwa kidole. Safu nyingine hazina shida hiyo: Chancel Mbemba, beki na nahodha, ni kijana wa Kinshasa, na washambuliaji kama Mayele na Meschack Elia walilelewa na viwanja vya nchi hii.

Hakuna asemaye kwamba ardhi ya Kongo haizai wachezeshaji. Trésor Mputu aliikanusha dhana hiyo zamani. Aliibuka na TP Mazembe, akatajwa mchezaji bora wa CHAN ya kwanza mwaka 2009, Kongo ilipoifunga Ghana 2–0 kwenye fainali mjini Abidjan. Mwaka huo huo CAF ikamtaja kuwa bora kati ya wanaocheza ndani ya bara. (Kwamba mwaka uliofuata alifungiwa kwa kumvamia mwamuzi, na hivyo akaikosa safari ya Mazembe hadi fainali ya klabu bingwa ya dunia, ni hadithi nyingine, na inauma bado.) Mputu alikuwa mmoja. Swali ni kwa nini hakufuatwa na kumi.

Sehemu ya jibu iko chini ya miguu. Butembo imekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hatua chache kutoka mstari wa ikweta, na mvua yake haina haya. Uwanja wa udongo ukikauka unakuwa mgumu kama barabara. Ukinyeshewa, mpira unakwama kwenye tope. Pasi fupi ya chini inayoondoka mguuni ikiwa safi inamfikia mwenzako ikiwa imeruka hadi gotini. Kocha yeyote mwenye akili anajifunza haraka: piga mbele, piga juu, weka mrefu mmoja awahi kwa kichwa, weka wawili wenye nguvu waokote kinachodondoka. Kwa uwanja ule na kwa Jumamosi ile, kocha ana haki. Kosa linajitokeza baada ya miaka kumi, pale mji mzima unapokuwa na warefu na wenye nguvu wengi na hauna hata mmoja anayeweza kupokea mpira akiwa amezungukwa na watatu, ageuke, na autoe.

Sehemu nyingine ya jibu haihusu udongo, na hapa barua hii inaomba subira ya msomaji.

Chukueni kijana wa Beni aliyezaliwa mwaka 2007. Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka mji wake, alikuwa na miaka saba. Agosti 1, 2018, Ebola ilipotangazwa kutoka Mangina, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ugonjwa ule uliingia Beni, ukaingia Butembo, ukakaa karibu miaka miwili na kuua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 25, 2020. Kabla haujaondoka, Machi 2020, shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi, pamoja na saa zake za kutotoka nje. Makocha wa watoto husema umri wa kati ya miaka minane na kumi na mbili ndio ambapo mguu na jicho hujifunza kuelewana kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote. Kijana huyu aliishi miaka hiyo akikatazwa kukusanyika, akiosha mikono kwa maji ya klorini, akihama mtaa, akirudi.

Mfungaji anaweza kuponea hapo. Mbio ni zake, nguvu atazipata akikua. Beki pia. Mchezeshaji ndiye anayeumia, kwa kuwa kazi yake ni ya kichwa kabla ya kuwa ya mguu. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ametumia miaka mingi akichunguza viungo wanavyogeuza shingo kutazama nyuma yao kabla mpira haujawafikia, na ameona kwamba wanaotazama mara nyingi zaidi ndio ambao pasi zao hufika zaidi. Tabia hiyo haipatikani kwa kuzunguka koni mazoezini. Inapatikana kwa kucheza mechi nyingi zenye wapinzani wa kweli, kupokonywa mpira, kuaibika, na kurudi tena Jumamosi ijayo.

Kwa hiyo kijana wa 2007 anafika kwenu akiwa na deni la mechi. Ameshinda mtihani wa taifa, amejiandikisha Université Catholique du Graben, au Université Officielle de Ruwenzori, au Université de l'Assomption, au UCBC kule Beni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yuko mahali penye vijana mamia wa rika lake, penye uwanja, penye ratiba na penye mtu mzima anayewajibika. Hakuna klabu ya mji iliyo na utajiri huo wa watu. Ndipo anapokutana na desturi ambayo kila aliyepita chuo chochote nchini anaitambua: bleu hapangi, hupangwa. Wa mwaka wa kwanza hubeba mfuko wa mipira, huchota maji, hukaa benchi. Akiwa na bahati huingizwa dakika za mwisho, tena pembeni kulia, ambako akikosea hakuna atakayekumbuka. Namba kumi ni ya mkubwa wa mwaka wa mwisho, hata kama pumzi zake zimekwisha kabla ya mapumziko.

Zamani, mtu alipomaliza miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, foleni hiyo ilivumilika kidogo. Aliyesubiri miaka miwili alibakiwa na mitatu. Tangu nchi iingie mfumo wa LMD, shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Kijana akikaa benchi L1 na L2, amebakiwa na msimu mmoja, na msimu wenyewe ni wa kuandika kazi ya mwisho na kutafuta mafunzo ya vitendo. Atacheza lini?

Kuna jina moja ambalo vijana wa Beni wanalijua kwenye televisheni bila kujua kwamba maisha yake yanafanana na yao. Luka Modrić alikuwa na miaka sita mwaka 1991 babu yake alipouawa katika vita vya Kroatia. Familia ilikimbia, ikaishi miaka katika hoteli za wakimbizi mjini Zadar, na mtoto akajifunza mpira kwenye maegesho ya magari ya hoteli hizo wakati mabomu yakiendelea kudondoka mjini. Klabu kubwa ya pwani ile, Hajduk Split, ilimkataa kwa sababu ya udogo na wembamba wa mwili. Dinamo Zagreb ikamchukua, lakini haikumweka benchi kusubiri wakubwa wastaafu. Mwaka 2003, akiwa na miaka kumi na minane, ilimpeleka kwa mkopo Zrinjski Mostar, kwenye ligi ya Bosnia iliyojulikana kwa ubabe na kwa viwanja vibovu. Huko alipewa katikati ya uwanja na akaachwa apigwe, aanguke, ainuke. Alimaliza akiwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Mwaka 2018 alichukua Mpira wa Dhahabu. Waliomkataa walimpima kwa sentimita; waliompeleka Mostar walimpa dakika.

Itasemwa kwamba Modrić hakupitia chuo kikuu. Kweli. Basi twende Japani, ambako vyuo ni njia halali kabisa ya kufikia soka ya kulipwa. Kengo Nakamura, mchezeshaji wa Kawasaki Frontale, alitoka timu ya Chuo Kikuu cha Chūō mjini Tokyo mwaka 2003, na mwaka 2016, akiwa na miaka thelathini na sita, akatajwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Kaoru Mitoma, ambaye sasa anawatesa mabeki wa Uingereza akiwa na Brighton, alipewa nafasi ya kupanda timu ya wakubwa ya klabu hiyo hiyo ya Kawasaki alipomaliza sekondari, akaikataa, akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba. Alijiona hajawa tayari. Utafiti wake wa kumaliza masomo ulihusu kupiga chenga: alitumia kamera zilizofungwa kichwani ili kujua wachezaji wazuri hutazama wapi wanapomkabili beki. Tsukuba hawakuona uwanja na darasa kuwa maadui. Ureno nako kuna Académica de Coimbra, timu iliyozaliwa na chama cha wanafunzi, iliyoifunga Benfica 4–3 mwaka 1939 na kulichukua Kombe la Ureno lilipochezwa kwa mara ya kwanza.

Hata jirani hapo, ng'ambo ya Kasindi, Uganda ilianzisha ligi ya soka ya vyuo vikuu mwaka 2012, inayochezwa nyumbani na ugenini, ikapata mdhamini na kamera za televisheni. Vijana wa Makerere na vyuo vingine wanacheza mbele ya watu maelfu. Kutoka Beni hadi mpaka wa Kasindi ni kilomita 80. Mtu anaweza kwenda kuuliza walianzaje, na kurudi siku ya pili.

Sasa, ombi lenyewe.

Katika mechi zote za vyuo na taasisi zenu, jezi namba 8 na namba 10 zivaliwe na wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili tu, na angalau mmoja wao awe uwanjani kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Sheria ya jezi ina uzuri wake: mwamuzi anaiona, mshabiki anaiona, haihitaji ofisi wala kompyuta. Nchi nyingine zilijaribu kulazimisha dakika za vijana kwa hesabu. Ligi ya Meksiko ilianza hivyo mwaka 2005, na ya Poland ikadai kuanzia msimu wa 2019/20 kwamba kila timu iwe na angalau mchezaji mmoja wa ndani asiyezidi miaka 21 uwanjani. Sheria za namna hiyo hupandisha idadi ya vijana wanaocheza, lakini hazisemi wacheze wapi, na kocha mwenye hofu humficha kijana mahali ambapo hatagusa mpira sana. Namba kumi anayefichwa pembeni hajapewa kitu.

Kocha mjanja wa kwetu naye atampa kijana jezi namba 10 kisha amtume akacheze beki wa kulia. Hilo haliwezi kuzuiwa kwa kadi. Linaweza kuzuiwa kwa kuandikwa. Kila mechi iwe na mtu mmoja wa kamati ya michezo anayeandika kwenye daftari waliovaa 8 na 10 walicheza wapi na kwa dakika ngapi, na orodha hiyo isomwe Radio Moto pamoja na matokeo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara; jina likitajwa redioni kwa jambo la aibu, Jumatatu sokoni maneno hayakosekani.

Jambo la pili ni dogo na halina gharama hata ya faranga moja. Sheria za mchezo zinazotungwa na IFAB zinaruhusu, katika soka ya vijana na ya ngazi ya chini, mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani, mradi shirikisho la nchi likubali. Ombeni ruhusa hiyo FECOFA. Faida yake kwa mchezeshaji ni kubwa kuliko inavyoonekana. Leo kijana akipoteza mipira miwili mfululizo na timu ikafungwa, kocha anamtoa, na mechi yake imekwisha. Anakwenda nyumbani akiwa amejifunza kuogopa. Akiruhusiwa kurudi, kocha anamwita dakika kumi, anamwonyesha kwa kidole kile alichoshindwa kukiona, kisha anamrudisha akajaribu tena dhidi ya wapinzani wale wale.

Na kwa kuwa viwanja vyetu ni vile vilivyo, tumieni sakafu za saruji. Chuo chenye kiwanja cha mpira wa kikapu kina karibu kila kinachohitajika kwa mchezo wa watano kwa watano. Futsal yenyewe huchezwa kwenye eneo la mita 40 kwa 20. Juu ya saruji mpira hauruki ovyo, nafasi ni finyu, na kila mchezaji anaugusa mara nyingi zaidi kuliko kwenye uwanja mkubwa. Ronaldinho alitokea huko. Ijumaa alasiri moja kwa wiki, vitivo vikipokezana, inaweza kulipa sehemu nzuri ya deni ambalo Ebola na vita viliwaachia vijana hawa.

Mapingamizi yapo, na mengine ni mazito.

La usalama ndilo zito kuliko yote. Butembo na Beni zimetenganishwa na kilomita 54 za barabara, na katika barabara hiyo kuna Maboya, ambako Oktoba 2022 hospitali ilivamiwa na kuchomwa na watu wakauawa, daktari mtawa akiwa miongoni mwao. Hakuna mechi ya mpira yenye thamani ya maisha ya mwanafunzi mmoja. Kwa hiyo barua hii haipendekezi ligi ya kwenda na kurudi kila wiki kama ya Uganda. Inapendekeza makundi mawili, la Butembo na la Beni, kila moja likicheza ndani ya mji wake, na mkutano mmoja tu wa miji miwili kwa muhula, pale wenye mamlaka ya usalama watakaporidhia, mpira ukianza saa sita mchana ili wageni warudi jua likiwa bado juu. Ikishindikana, isifanyike. Makundi yaendelee.

Kuna wanaosema suala hili ni la ligi ya mkoa, Lifnoki, na vyuo viisubiri. Wakati wa kawaida wangekuwa na hoja. Lakini Kanyabayonga ilianguka Juni 2024, Goma Januari 2025, barabara ya kusini ikakatwa na mstari wa mapigano, na ofisi za mkoa zikahamia Beni kwa muda. Msimu wa mchezaji mwenye miaka kumi na tisa hausubiri barabara ifunguke.

Pingamizi la masomo ni rahisi zaidi kuliko linavyotangazwa. Mwanafunzi wa LMD anatakiwa kukusanya krediti 60 kwa mwaka, na ni haki ya mzazi anayelipa ada kwa dola kuuliza mpira unaingia wapi. Jibu ni kwamba kusiwe na mechi katika majuma ya sesheni ya mitihani wala lile linaloitangulia, na anayeshindwa masomo yake apoteze jezi kabla ya kupoteza mwaka. Tena kijana wa L1 ambaye ana sababu ya kuamka mapema na kulala mapema si mzigo kwa mhadhiri wake.

Linabaki pingamizi la makocha: watafungwa. Ndiyo, baadhi watafungwa. Timu inayompa ufunguo kijana wa miaka kumi na minane itafungwa mabao ya kijinga mwezi wa kwanza na wa pili. Lakini kwa kuwa wapinzani nao wamebanwa na jezi zile zile, hasara inagawanyika. Cha lazima ni kwamba rekta asimwite kocha ofisini baada ya kufungwa mara mbili. Ni vyema pia vyuo viache mazoea ya kuandikisha, wiki moja kabla ya kombe, mchezaji wa klabu ambaye hajawahi kuonekana darasani. Anayehusika anajijua, na kombe lililopatikana hivyo linajulikana lilivyopatikana.

Klabu za mji zinapaswa kuwa upande wa ombi hili, kwani ndizo zitakazovuna. AS Nyuki ya Butembo ilifika Linafoot mwishoni mwa miaka ya 2010. US Socozaki nayo iliwahi kulibeba jina la mji huo, na Capaco la Beni. Kupanda ligi kuu hugharimu fedha nyingi, na kubwa kati ya gharama hizo ni kununua katikati ya uwanja, kwa sababu mchezeshaji aliyekomaa ndiye bidhaa adimu. Klabu ikijua kwamba kila mwaka vyuo vya mji wake vinatoa vijana wanne au watano waliokwisha kucheza mechi ishirini wakiwa na jezi namba 10, itaokoa nauli nyingi za kwenda kumtafuta mtu Kisangani au Lubumbashi.

Neno moja kuhusu mabinti. Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika wakiwafunga AS FAR wa Morocco nyumbani kwao. Ombi la jezi linawahusu mabinti wa vyuo vyenu sawasawa na wavulana, na pale ambapo timu ya wasichana haijawa na watu kumi na mmoja, watano juu ya saruji wanatosha kuanzia.

Waheshimiwa, inajulikana kwamba eneo hili halikuzoea kungoja Kinshasa. Mwaka 1989, Askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Université Catholique du Graben, serikali haikuwa imewapa watu wa Butembo na Beni chuo kikuu. Walichangishana na kujenga. Kulinganisha chuo na jezi mbili ni kuzidisha, na barua hii inakiri kuzidisha huko kwa makusudi: kilichowezekana kwa matofali hakiwezi kuwa kigumu kwa kanuni ya nusu ukurasa.

Mkutano mmoja wa wajumbe wa michezo wa vyuo, kabla uandikishaji wa mwaka ujao haujafungwa, unatosha kuipitisha. Ukumbi wowote wa chuo unafaa, upande wa Butembo au wa Beni, na wale ambao barabara itawazuia wasikilizwe kwa simu. Katika mkutano huo yaamuliwe mambo matatu: nani ataandika barua ya FECOFA kuhusu wachezaji kurudi uwanjani, nani atashika daftari la dakika kwa kila mji, na jezi namba 8 na 10 za kila timu zitatunzwa na nani. Barua hii inapendekeza zitunzwe na kamati ya wanafunzi badala ya kocha, na zikabidhiwe kila Ijumaa kwa majina yaliyokwisha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kwa heshima na taadhima.